Kliniki ya meno Mtwara: tusaini na kampuni ya IT ya Dar kwa mwezi au tubaki na fundi wetu?

jino_la_kusini

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya watu wanaojua kompyuta kikazi, na kama unauza huduma sema mapema tujue tunaongea na nani.

Nasimamia ofisi kwenye kliniki ya meno hapa Mtwara mjini. Viti viwili, kompyuta nne: ya mapokezi ambayo ndo imebeba mafaili yote ya wagonjwa na zingine zinavuta kwake, ya chumba cha daktari yenye sensa ya eksrei ndogo, ya OPG (ile mashine ya eksrei ya taya zima) ambayo mpaka leo iko Windows 7 maana aliyetuuzia mashine anasema draiva, yaani programu ya kuiunganisha na kompyuta, haikubali kitu kipya, na laptop ya madai ya bima. Siku zote tunamwita fundi wa mtaani, akimaliza analipwa, kikileta shida tena tunampigia tena. Sasa daktari kasikia kliniki ya mwenzake mkoa mwingine mafaili yote yamefungwa na wezi wa mtandaoni wanadai hela, presha imempanda, kaongea na kampuni moja ya Dar wametuletea mkataba wa laki nne na nusu kwa mwezi. Wanasimamia kompyuta zote wakiwa hukohuko, antivairasi yao, rauta yao, bakapu klaudi (nakala za akiba zinazohifadhiwa mtandaoni), "ulinzi saa 24". Paswedi zote za juu wanakaa nazo wao.

Laki nne na nusu kwetu siyo hela ndogo, kuna miezi wagonjwa ni wa kuhesabu mpaka hela ya korosho ianze kuingia ndo mji unachangamka. Na fundi wetu hajawahi kutuangusha. Je daktari katishwa tu au kweli kuna haja? Na kama ipo, niangalie nini kabla hajasaini?

---

mzee_wa_rauta

Mkuu nauza huduma za aina hiyo ila wateja wangu ni mahoteli na kwenye meno siji, kwa hiyo nasema bila tamaa.

Daktari hajatishwa. Watu wengi wanadhani kuna jamaa kakaa mahali anaiwinda kliniki ya Mtwara, hakuna kitu kama hicho, ni programu zinazunguka intaneti nzima usiku na mchana zinagonga kila mlango, zikikuta umefungua njia ya kuingilia kompyuta kutoka nje (ile RDP, poti 3389, mafundi wengi wanaifungua kwenye rauta ili wakusaidie wakiwa nyumbani) zinaanza kubahatisha paswedi mpaka moja ikubali. Hazijui kama humo ndani ni meno au mashine ya kukoboa. Au dada wa mapokezi anafungua ankara feki kwenye imeili, basi.

Hiyo OPG ya Windows 7 ndo ningeanza nayo. Microsoft waliacha kuitengenezea viraka (marekebisho ya kuziba matundu ya usalama) Januari 14, 2020. Mnakumbuka WannaCry, ile programu ya kufunga mafaili na kudai hela, Mei 2017, ilivyozisimamisha hospitali za Uingereza mpaka wagonjwa wakaambiwa warudi nyumbani? Kiraka cha kuzuia kile kitu kilishatoka Machi mwaka huohuo, kompyuta zilikuwa hazijawekewa tu, na nyingi zilizodakwa duniani zilikuwa Windows 7. Sasa ya kwako hata viraka haipati. Si lazima uitupe kama mashine inafanya kazi, ila itoe intaneti kabisa, imeili hapana, flashi hapana, ibaki inaongea na kompyuta moja tu ya kupokea picha, na hiyo inafanyika kwenye rauta au swichi nzuri siyo kwa mdomo. Na hizo tatu zilizobaki cheki, Windows 10 nayo muda wake uliisha Oktoba 14, 2025, kuna utaratibu wa kuongezewa muda wa viraka ila haudumu.

Mkataba sasa. Kinachonitisha ni hapo pa paswedi. Agosti 2019 huko Wisconsin, Marekani, kulikuwa na kampuni kazi yake ni kuzitunzia kliniki za meno bakapu. Wezi hawakuhangaika na kliniki mojamoja, waliingia kwa anayewatunza, wakapita kwenye njia yake yeye wakafunga mafaili ya kliniki kama 400 kwa mpigo. Yaani waliokuwa wanalipia ulinzi ndo waliopigwa. Simaanishi msisaini, namaanisha ukishamkabidhi mtu funguo zote yeye ndo anakuwa mlango wako. Waulize wanaingiaje kwenye kompyuta zenu, je kuna hatua ya pili ya kuthibitisha kwenye simu au ni paswedi peke yake, na nani kati yao ana ruhusa. Na akaunti moja ya juu ibaki kwa daktari, iandikwe kwenye karatasi, bahasha, sefu. Wakikataa hilo usiwape hata kompyuta ya kuchezea karata.

---

dada_mapokezi

Mimi niko Lindi, si mtu wa IT ni mtu wa mapokezi, ila yametukuta kwenye kliniki niliyokuwa nafanya kazi kabla ya hapa, siitaji jina.

Tulifika asubuhi nikawasha, picha za eksrei hazifunguki, kila faili lina mkia wa herufi za ajabu mwishoni, na kwenye skrini kuna barua ya kizungu inasema lipa. Daktari akaniambia usijali tuna bakapu, ipo kwenye ile hard disk ya nje. Sasa hiyo disiki ilikuwa imechomekwa nyuma ya kompyuta muda wote, haijawahi kuchomolewa, tukaifungua nayo imefungwa vilevile. Njia waliyoingilia ikaja kujulikana ni AnyDesk (programu ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali) aliyoiacha mtu aliyekuja kutengeneza printa miaka ya nyuma, paswedi ikiwa jina la kliniki na 123.

Kilichotuumiza zaidi siyo hata hela. Kulikuwa na mama ana mzizi uliokuwa unatibiwa hatua kwa hatua, picha ya kwanza imepotea, daktari hana cha kulinganisha, akapigwa eksrei upya na hatukumlipisha. Wagonjwa wa meno ya bandia vipimo vyao vilikuwa humo. Tukarudi kwenye daftari na kalamu wiki nzima. Uzuri daftari la miadi nilikuwa bado naandika kwa mkono maana sikuwahi kuiamini ile programu, walikuwa wananicheka.

---

fundi_chikongola

Naomba na sisi mafundi wa mtaani tusemewe kidogo. Mteja anakuita kitu kikishakufa, anataka kiamke leo kwa elfu ishirini, halafu baadaye inaonekana fundi hakuweka ulinzi. Ulinzi gani wa elfu ishirini?

Kampuni ya Dar nina swali moja tu kwao, kitu cha kushika mkono kikiharibika nani anakuja? Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 500, basi linakula siku. Kompyuta ikigoma kuwaka, hiyo ya kusimamia kwa mbali inasimamia nini? Na kwa hapa kwetu vitu vinakufa vyenyewe bila mwizi yeyote. Umeme ukirudi unarudi kwa kishindo, hard disk inakwenda. Kompyuta za maofisi ya kule Shangani karibu na bahari ukifungua unakuta feni ina kutu na vumbi limelowana chumvi limekuwa kama uji, mashine inapata joto inajizima, mwenyewe anasema vairasi. UPS nzuri (betri inayoshikilia umeme ukikatika) kwenye kompyuta ya mapokezi itakuokolea data nyingi kuliko hiyo antivairasi ya bei mbaya.

Alichosema dada wa Lindi ndo kitu chenyewe. Nunua disiki mbili, moja inachomekwa jioni inachukua bakapu inachomolewa, daktari anaondoka nayo, kesho yake nyingine. Hiyo ambayo haijachomekwa hakuna mwizi wa mtandaoni anayeifikia hata awe nani. Ila kuna kosa naliona kila mahali, watu wanakopi folda la programu huku programu imewashwa na mtu anaandika, faili la wagonjwa linakopiwa nusunusu, siku ya kulirudisha halifunguki. Tumia kitufe cha bakapu cha programu yenyewe au funga programu kila mahali kwanza.

---

korosho_ghafi

Klaudi kwa bando la Mtwara hahaha. Mei 2024 nyaya za baharini zilivyokatika tulikaa siku ngapi tunaangalia kiduara kinazunguka?

---

mzee_wa_rauta

@korosho_ghafi klaudi bado inafaa, picha ya OPG ni MB chache tu, ikipanda usiku asubuhi imeshamaliza. Ikiwa wana ile eksrei ya 3D hapo ndo kuna mamia ya MB kwa mgonjwa mmoja na hesabu inabadilika. Ila namuunga mkono fundi, klaudi iwe ya pili baada ya disiki za mkononi, siyo badala yake. Ukitaka kurudisha mafaili yote ya hiyo kompyuta ya mapokezi kutoka klaudi kwa intaneti ya simu utasubiri sana.

Na bakapu ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiihesabu. Waambie hao jamaa wa Dar: chukueni mgonjwa mmoja wa mwaka jana, mrudisheni na picha zake kwenye kompyuta tofauti, tukiwa tunaangalia. Iingie kwenye mkataba iwe kila baada ya miezi mitatu.

---

jino_la_kusini

Asanteni sana, nimesoma yote nimemsomea na daktari. Anauliza kisheria je, taarifa za wagonjwa zikivuja ni kosa la kampuni au letu? Maana sisi pia tunatuma eksrei WhatsApp kwa bingwa Dar, jina la mgonjwa liko palepale juu ya picha.

---

wakili_msomi_kidogo

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kwa lugha yake nyie ndo mkusanyaji, kampuni ni mchakataji, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Mkusanyaji hajivui mzigo kwa sababu ameajiri mchakataji, kwa hiyo mgonjwa akilalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nyie hamchomoki. Na nyie wenyewe mnatakiwa kusajiliwa na Tume, kama bado anzeni. Kwenye mkataba waandike taarifa ni mali ya nani, zinahifadhiwa nchi gani, wakigundua uvujaji wanawaambia lini, na mkiachana wanakabidhi nini kwa muundo gani. Wengi hapo mwisho ndo wanakunja mikono mpaka ulipe. Na WhatsApp, mpeni mgonjwa namba ya faili, jina litoke kwenye picha.

---

jino_la_kusini

Sawa. Mrejesho: tumewapigia jioni hii. Bahasha ya paswedi wamekubali, uthibitisho wa hatua mbili wamesema upo. Kujaribu kurudisha mgonjwa mbele yetu wanasema ni huduma ya pembeni, inalipiwa peke yake. Daktari kawaambia waandike bei ya huduma nzima upya, bila rauta yao, na fundi wa hapa awe ndo mikono yao huku, walipane wenyewe. Wamesema watajibu.

@fundi_chikongola hiyo UPS na disiki mbili hatusubiri mkataba, Jumamosi unaweza kupita?

---

fundi_chikongola

Jumamosi niko Newala. Jumatatu kabla hamjafungua, saa moja kamili. Msiwashe kitu mpaka nifike, na mtafutieni yule aliyeuza OPG namba yake, nitataka kumuuliza hiyo draiva mwenyewe.