Nungwi imegeuka soko: kati ya Jambiani, Pemba na Mafia, wapi pamebaki pa kupumzika?

Baba Wawili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimerudi Dar juzi kutoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, nilikokwenda na familia mwisho wa Desemba. Bado nina hasira, ndiyo maana naandika badala ya kulala. Sitataja hoteli wala kampuni ya boti, sina nia ya kumharibia mtu riziki.

Pazuri ni pazuri, tusidanganyane. Mchanga mweupe, maji yana rangi ileile ya kwenye picha, na bahari unaogelea saa yoyote. Ila kupumzika hakuna. Ukitandika taulo, anakuja wa miwani. Huyo hajaondoka, wa safari za boti kashachuchumaa pembeni na karatasi yake ya plastiki yenye picha za pomboo. Nyuma yake yupo wa mashuka ya Kimasai, wa kusuka nywele, wa nazi. Wakigundua unaongea Kiswahili wanapoa kidogo, lakini bei haipoi. Nauliza kwa Kiswahili, najibiwa kwa dola. Nikitoa shilingi, mtu anapiga hesabu ya kubadilisha kichwani, na hesabu hiyo haijawahi kuninufaisha mimi.

Kilichonichosha zaidi ni kisiwa cha Mnemba, tulikokwenda kwa boti. Tulipofika matumbawe hayaonekani kwa wingi wa boti. Zimebanana ubavu kwa ubavu kama daladala Kariakoo, injini zinaunguruma, juu ya maji kuna utando wa mafuta unaong'aa. Wakatokea pomboo, wawili au watatu. Boti zote zikageuka kwa mkupuo, nahodha wetu naye akapiga moto, vijana wanapiga kelele "rukeni! rukeni!". Watu wakarukia juu ya wale wanyama. Mwanangu mdogo aliuliza kwa nini wanawakimbiza, na mimi ndiye niliyelipia.

Jirani yetu hotelini alikwenda Pingwe, upande wa Michamvi, akarudi na picha: binti yake kashika kiti cha pweza (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) mkononi, nje ya maji. Muongozaji ndiye aliyemtoa. Yule mdudu anapitishwa kwa kila mtalii apige picha, halafu anarudishwa majini asubiri kundi linalofuata.

Sasa naomba ushauri kwa likizo ijayo. Watoto wawili wanaojua kuogelea, mke asiyependa boti ndefu, bajeti ya mfanyakazi wa kawaida. Nalinganisha Jambiani au Paje, Pemba, na Mafia. Waliofika watupe hali halisi, siyo za Instagramu.

---

Mtoto wa Nungwi

Pole sana ndugu yangu. Mimi nimezaliwa hapahapa, babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Mengi uliyosema ni kweli na yanatuuma sisi kuliko nyinyi, kwa sababu nyinyi mnarudi kwenu.

Ila niongeze upande wa pili. Hao vijana unaowaona ufukweni wengi si wa Nungwi, wametoka bara kutafuta maisha, na hawana mshahara. Hoteli kubwa siku hizi mgeni analipia kila kitu kwao Ulaya: chakula, kinywaji, mpaka boti. Akija hatoki getini. Kijiji kinapata nini? Kinabakiwa na ule mstari wa mchanga kati ya ukuta wa hoteli na maji, na hapo ndipo watu wote wanagombania mgeni mmoja. Pale palipopangwa vitanda vya jua leo, baba yangu alikuwa akianika nyavu. Sasa wavuvi wanazunguka nyuma ya kuta kufika kwenye mashua zao.

Ukija tena, toka alfajiri wavuvi wanapoingia, uone samaki wanavyonadiwa. Pita kwa mafundi wa majahazi. Hakuna atakayekuuzia miwani saa hizo. Na Mnemba usiende kwa boti za Nungwi za saa tatu. Lala Matemwe, kisiwa kiko mbele yako, chukua mashua asubuhi mapema, kabla wenzio hawajamaliza kunywa chai, na umwambie nahodha tangu mwanzo kwamba pomboo hutaki kufukuza. Atashukuru, mafuta yanabaki.

---

Kipanga

Mleta uzi ulikwenda mwisho wa Desemba halafu unashangaa watu? Hata Coco Beach siku hiyo haiingiliki.

---

Bi Mwani

Nimeishi Jambiani miaka kadhaa kikazi, ngoja niseme ambalo mawakala hawalisemi.

Pwani yote ya mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Paje, Bwejuu, Jambiani, maji yanakupwa yanakwenda mbali sana, karibu na mwamba. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Nungwi na Kendwa. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kati ya kujaa na kupwa kunafika kama mita 4. Ukiamka saa mbili ukakuta bahari imehama, usimgombeze mwenye nyumba ya wageni. Nimeshuhudia mzungu anadai arudishiwe fedha kwa sababu "bahari haipo".

Lakini maji yakikupwa ndiyo raha yenyewe, kama huna haraka. Unatembea na watoto mpaka kwenye mashamba ya mwani, akina mama wamechuchumaa majini wanafunga vipande kwenye kamba zilizotandikwa kati ya vijiti. Ukisalimia vizuri wanakueleza: huu wa spinosum bei ndogo lakini hauna matatizo, ule wa cottonii una bei lakini maji yakipata joto unakufa. Watoto wavae viatu, urumba (wale wanyama wadogo wa baharini wenye miiba) si mchezo.

Paje na Jambiani zinapakana ila si sawa. Paje imeshachukuliwa na wale wa matiara ya baharini, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Upepo wa kusi, Juni mpaka Septemba, na kaskazi, Desemba mpaka Februari, anga lote limejaa maturubai ya rangi na kamba, na mtoto anayeogelea pale inabidi umwangalie kwa macho manne. Baa nazo zipo. Jambiani kusini, ukielekea Makunduchi, bado ni kijiji. Nyumba za wageni za wenyeji ziko nyingi, unapikiwa pweza wa nazi, na daladala namba 309 inakufikisha kutoka mjini kwa nauli ya kibinadamu.

Kwa mke asiyependa boti, jibu ni Jambiani. Papasi, yaani vijana wa kufuata wageni kuwauzia vitu, wapo, ila ukisema "asante, sihitaji" mara moja wanakuacha.

---

Mpemba Halisi

Nilikuwa nasoma kimya, nikaona Pemba imetajwa, roho ikaruka. Jamani tuachieni.

Natania, karibuni, ila mjue mnakuja wapi. Pemba hakuna ukanda wa baa. Vijiji vinasali, mke na nyinyi wenyewe mjistiri mkitoka ufukweni kuingia mjini. Vumawimbi, kule juu baada ya msitu wa Ngezi, ni ufukwe ambao ukifika siku ya kawaida unaweza usikute mtu zaidi ya wavuvi. Maana yake pia hakuna wa kukuuzia soda. Nunueni maji na chakula Konde kabla ya kuingia msituni. Misali kuna matumbawe mazima na kasa wanapanda kutaga, ni eneo la hifadhi tangu 1998, unalipa kiingilio na kuna sheria zinazofuatwa.

Wakati wa mavuno ya karafuu njiani ni majamvi matupu, karafuu zimeanikwa ukingoni mwa barabara, gari linapunguza mwendo zisikanyagwe. Harufu unaingia nayo mpaka kitandani.

Tatizo ni kufika. Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu, si kama maji ya kati ya Dar na Unguja. Kusi ikivuma meli inacheza kweli. Kama mama watoto hapendi boti, apande ndege ndogo mpaka Chake Chake, au asije wakati wa kusi. Nyumba za kulala za bei ya kawaida zipo Chake na Wete, siyo ufukweni. Zilizopo ufukweni Kigomasha ni za bei ya wazungu. Kwa hiyo kila siku utakuwa na gari.

---

Baba Wawili (mleta uzi)

Mpemba Halisi, asante kwa ukweli. Hiyo ya gari kila siku inanikata bajeti.

Mtoto wa Nungwi, nimekuelewa kuhusu vijana, sina ugomvi nao. Hasira yangu ni kwa mpangilio mzima. Hivi bei za dola si zilikatazwa?

---

Mtoto wa Nungwi

Kanuni ilitoka Machi 2025, inakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Ufukweni haina askari. Wewe sema "nitajie kwa shilingi" na usubiri, usihesabu wewe. Anayehesabu ndiye anayeliwa.

---

Nahodha Mstaafu

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nimeendesha boti Mafia muda mrefu, nitaisema ilivyo. Watu wanakuja na picha ya Nungwi kichwani, wanafikia Utende, wanakuta mikoko na tope maji yakikupwa. Wananuna. Mafia si kisiwa cha kuota jua. Mchanga mzuri upo upande wa magharibi, Ras Mbisi, na kuna vifungu vya mchanga vinavyoibuka baharini, unakwenda kwa boti na kurudi kabla ya maji kujaa. Ghuba ya Chole ina mkondo mkali wakati wa bamvua, watoto wasiogelee peke yao hata kama ni mabingwa wa bwawa la shule.

Thamani ya Mafia iko chini ya maji. Hifadhi ya bahari ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na matumbawe unayaona yamesimama. Kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi potwe wanakuja karibu na Kilindoni kula. Ni papa mkubwa kuliko samaki wote lakini hana habari na wewe, anakula vidudu vidogo vya majini. Ukiingia taratibu anapita pembeni yako, madoadoa yake unayahesabu. Haguswi. Nisiwafiche, nako kunaanza kuharibika: siku za msimu boti kadhaa zinamzungukia potwe mmoja. Uliza kabla ya kulipa: mnaingiza watu wangapi majini kwa wakati mmoja? Akikwambia "wowote", tafuta mwingine.

Njia ya mwananchi ni basi la kwenda bandari ya Nyamisati kutoka Mbagala Rangi Tatu, halafu unavuka kwenda Kilindoni. Saa ya kuondoka inafuata maji, usipange mambo ya dakika. Ni saa kadhaa baharini, kwa mama watoto sishauri. Ndege ni kama nusu saa kutoka Dar, lakini tiketi nne...

---

Sheikh wa Mombasa

Ndugu zetu, huku Diani ni yaleyale, tena sisi tumewaongezea ngamia. Unalala mchangani, ukifungua macho ngamia anakutazama. Kama una pasipoti na muda, Lamu haina magari katika mji wake mkongwe, punda ndio wenye barabara, na Shela kuna ufukwe wa kutembea mpaka uchoke. Ila bajeti yako haitoshi nauli hiyo, nimesema tu.

---

Kipanga

Mimi nina swali la uchokozi. Zanzibar ina watu kama milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, na wageni wa 2024 walipita laki saba. Serikali inataka wazidi. Kila mmoja wetu hapa anataka ufukwe usio na watu, halafu anakuja kuandika jina la huo ufukwe mtandaoni. Mpemba alikuwa anatania, lakini ana hoja. Vumawimbi mtaikuta na mziki wa baa.

---

Bi Mwani

Kipanga, wingi peke yake si shida. Jambiani wageni wapo tele. Tofauti ni kwamba nyumba nyingi za kulala ni za watu wa palepale, na akina mama wana mwani wao, kwa hiyo ufukwe haujafungwa. Kiwengwa hakuna hiyo, kuta zimefika mchangani.

---

Mpemba Halisi

Kuta zikifika Vumawimbi mtaniona nimeketi mbele ya katapila.

---

Baba Wawili (mleta uzi)

Wakuu, nimekaa na mama watoto tumesoma majibu yote. Tunakwenda Jambiani likizo ya Juni. Mafia nitakwenda mwenyewe kwa njia ya Nyamisati msimu wa potwe, kamati ya nyumbani imepitisha baada ya mjadala mrefu.

Bi Mwani, nisaidie moja: nichague siku gani ili watoto waogelee mchana na si usiku wa manane?

---

Bi Mwani

Angalia mwezi. Huku kwetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri karibu saa kumi na jioni saa kumi, na saa nne asubuhi yanakuwa yamekupwa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa kama saa nne asubuhi na hayaendi mbali. Kwa watoto nenda na mwezi nusu. Ukitaka kutembea mashamba ya mwani, bakiza siku iangukie karibu na bamvua. Na Juni kusi imeshaanza, jioni kuna baridi ya upepo, beba masweta.