Kuzima Hyper-Threading kunaongeza FPS (fremu kwa sekunde) kweli au ni maneno tu?

Fremu_Kwanza
Wakuu habari zenu, naombeni msaada hapa maana nimechanganyikiwa. Prosesa yangu ni i7-8700K, viini 6 thredi 12 (thredi ni foleni ya kazi), sasa kuna mshkaji tunacheza naye kila siku ananing'ang'ania niingie BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) nizime Hyper-Threading, ile inayokipa kila kiini thredi mbili, eti gemu hazijui kuzitumia hizo thredi za ziada na yeye tangu azime gemu inateleza tu. Nikisoma huku na huku wengine wanasema ukizima unaharibu. Nacheza gemu za kufyatuliana risasi mtandaoni na zile za mji mkubwa wenye watu na magari kibao. Nizime au niache? Kuna mtu ameshapima mwenyewe?

fundi_viini
Mkuu acha kwanza usizime. Kiini kimoja chenye thredi mbili hakigeuki kuwa viini viwili, ni kile kile, ila kikiwa kinasubiri data itoke kwenye RAM (na kusubiri huko ni mizunguko zaidi ya mia kwa kiini, ni mingi sana) kinaokota kazi ya thredi ya pili badala ya kukaa bure. Shida ni kwamba thredi zote mbili zinagawana kashe ile ile (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa), kwa hiyo kuna wakati zinabanana na ile thredi kuu ya gemu inachelewa kidogo. Mshkaji wako hadanganyi, hii habari ina mizizi, Hyper-Threading ilipoingia kwenye Pentium 4 mwaka 2002 gemu nyingi zilikuwa zinategemea thredi moja tu, halafu 2017 prosesa za kwanza za Ryzen za AMD zilipotoka kuna gemu zilikimbia vizuri zaidi SMT (Hyper-Threading ya AMD) ikiwa imezimwa. Ila Windows na gemu zenyewe zimebadilika sana tangu hapo.

kasi144
Mi nimezima na sijutii. Nina viini 8 thredi 16, gemu yangu ya mashindano inapanda fremu chache tu lakini joto la prosesa limeshuka, feni imetulia. Hata Intel wenyewe Core Ultra 200S za 2024 wamezitoa bila Hyper-Threading kabisa.

MwanaGemu_Mkongwe
Kasi144 wewe una viini halisi 8 ndo maana huoni tofauti, mwenye viini vichache asikufuate. Nilikuwa na prosesa ya viini 4 thredi 8, nikazima nikaingia kwenye gemu ya mji, nikaendesha gari barabara ile ile dakika moja, mara tatu imewashwa mara tatu imezimwa, nimefungua grafu ya muda wa fremu (kila fremu inachukua muda gani kutoka) pembeni. Wastani wa FPS ulikuwa karibu sawa!! Ningeangalia namba hiyo tu ningesema hakuna kitu. Ila grafu sasa, ilipowashwa mstari umelala kwenye milisekunde 16 hivi, nikizima kila nikikata kona mtaa mpya unapoanza kupakiwa mstari unaruka mpaka 50, gari linashtuka na sauti inakatika. Hiyo ndo kitu mkono unaisikia, wastani hauwezi kukuonyesha. Kwa hiyo ukipima angalia zile fremu za chini kabisa, asilimia 1 ya chini, na Discord na brauza viache vimefunguka kama unavyocheza siku zote, usipime kompyuta ikiwa tupu.

fundi_viini
Na kabla ya yote cheki kadi ya picha inafanya kazi asilimia ngapi. Ikiwa iko 97 kwenda juu basi prosesa ndo inaisubiri kadi, uzime uwashe hutaona kitu.

Fremu_Kwanza
Asanteni sana wakuu, nimepima jana usiku. Gemu ya risasi imezimwa au imewashwa ni yale yale, kumbe kadi ilikuwa 99 muda wote, nimeshusha vivuli na rezolusheni ndo FPS zikapanda. Gemu ya mji nilipozima ilianza kukwama kwama sokoni penye watu wengi na viini vyote 6 vikagonga 100, nikawasha tena ikatulia. Nimeiacha imewashwa. Mshkaji nimemtumia picha za grafu, kumbe yeye prosesa yake ina viini 8.