Nyanya zinababuka kama zimemwagiwa maji moto, nisaidieni

Mama Pendo wa Bahati: Habari zenu. Niko na nyanya kama 60 hivi nyuma ya nyumba, zilikuwa zimeshika vizuri hadi jirani akaanza kuulizia bei, sasa tangu mvua ianze majani yanatoka madoa ya kahawia, mashina yanakuwa meusi na hata nyanya mbichi zinaoza. Agroveti walinipa dawa nimepiga mara mbili hakuna kitu. Ning'oe zote jameni?

Omwana wa Mbale: Pole dada. Hebu soma hiyo chupa, ni ya wadudu ama ya ukungu?

Mama Pendo: Imeandikwa inzi weupe 😭

Guka Njoro: Aii. Hiyo yako ni blaiti, ugonjwa kama wa ukungu, inapenda baridi na majani kulala na maji. Kesho saa kumi na mbili asubuhi geuza jani, ukiona utando mweupe kuzunguka doa basi ndiyo hiyo. Kuna viazi karibu?

Mama Pendo: Za jirani, ni ua tu imetutenganisha.

Guka Njoro: Si ndio hiyo. Viazi na nyanya ni ukoo mmoja, managu pia, na upepo ndio unabeba. Zenye shina limeshikwa ng'oa ufunge kwa gunia, usitupe kwa mbolea. Zilizobaki toa majani ya chini hewa ipite, halafu upige mankozebu, dawa ya ukungu, lakini hiyo inakinga tu, jani likishashikwa haliponi, na mvua kubwa ikiiosha unarudia. Zenye zimeanza kidogo tafuta iliyochanganywa na metalaksili, dawa yenye inaingia ndani ya mmea, ila usiipige kila mara hiyo hiyo, ugonjwa unazoea.

Jaber wa Kisumu: Huku kwetu na hili joto zangu zinanyauka tu zikiwa kijani kabisa, bila doa. Ni hiyo pia?

Guka Njoro: Hapana. Kata shina uliweke kwa glasi ya maji safi, kitu kama maziwa kikishuka hiyo ni bakteria, hakuna dawa, ng'oa na hapo upande mahindi.

Mama Pendo: Nimegeuza jani leo, utando uko 😩 Nimeng'oa 23. Na mimi ndio nilikuwa namwagilia jioni na mpira, juu ya majani kabisa. Guka, hizi zimeiva na hazina doa naweza kupikia watoto?

Guka Njoro: Ile ya inzi ulipiga lini?

Mama Pendo: Juzi.

Guka Njoro: Na chupa inasema ungoje siku ngapi?

Mama Pendo: Saba. Haya, wacha nitume mtoto dukani.