Mjadala: Mwongozaji mkongwe wa maigizo Arusha aenziwe kwa hafla, au kwa kazi yake kurudi jukwaani?

Mleta mada, Kaloleni (Arusha)

Wapenzi wa maigizo wa Arusha na Moshi wakikaa kupanga namna ya kumuenzi mwongozaji aliyelitumikia jukwaa miaka mingi, mpango huwa uleule: ukumbi, mgeni rasmi, MC, ngao ya kioo, hundi kubwa ya kupigia picha, chakula. Kesho yake kinachobaki ni picha kwenye simu za watu.

Napendekeza fedha hizo zirudishe jukwaani igizo lake moja, liongozwe na wale aliowalea, na kumbukumbu zake za kazi zihifadhiwe. Ngao akabidhiwe usiku wa onyesho, kwa soda na sambusa. Kazi ya mwandishi inabaki kitabuni. Tamthiliya ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilichapwa 1969 na mwanafunzi wa leo bado anaisoma. Lakini nani alisimama wapi, kimya kilidumu kiasi gani kabla ya ngoma kuingia, taa ilizimwa kwenye neno lipi, hayo ndiyo kazi ya mwongozaji, na yote hufa usiku wa mwisho wa maonyesho. Anayepinga aje na sababu.

Mratibu wa hafla, Njiro

Napinga. Mtu aheshimiwe hadharani angali hai, wanawe na majirani wakisikia. Waongozaji wengi walifanya kazi kwa makubaliano ya igizo mojamoja, bila mwajiri wa kuwachangia mfuko wa pensheni. Mzee anayetafuta dawa ya presha unamwambia fedha zake zimeshonea maleba, yaani mavazi ya jukwaani?

Hafla zetu zinaharibika kwa sababu zinazojulikana. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, hotuba zinakuwa kumi na kila mzungumzaji anajisifia ukaribu wake na mwenye siku. Dawa yake nayo ipo. Hotuba ziwe tatu, dakika tano tano. Wasifu usomwe na mwigizaji mwenye sauti, si MC: majina ya maigizo, miaka, nafasi aliyoshika kwenye kila moja. Wasifu huo asomewe mwenyewe wiki mbili kabla, maana kosa la mwaka au jina la igizo mbele ya waliokuwepo linamuumiza. Tuirekebishe hafla, tusiizike.

Msimamizi wa jukwaa, Sakina

Kaka wa Njiro, hoja ya dawa nimeipokea. Ila watu wanadhani kurudisha igizo ni kuchukua muswada na kuita waigizaji. Bila daftari la msimamizi wa jukwaa, mnachorudisha ni maneno ya mwandishi, na mkono wa mwongozaji haumo.

Daftari hilo hutengenezwa hivi: kila ukurasa wa muswada unatolewa kopi upande mmoja wa karatasi ya A4 na kuwekwa kulia kwenye faili la pete. Ukurasa wa kushoto unabaki mweupe kwa ajili ya ramani ndogo ya jukwaa na mienendo. Unaandika kwa penseli, kwa sababu mienendo hubadilika mpaka wiki ya mwisho. Ishara za taa zina namba zake, za sauti na ngoma zina namba zake, na kila ishara inachorewa mstari mpaka kwenye neno lenyewe ambapo inaitwa. Aliyeandika "taa zififie mwisho wa onyesho la tatu" hajaandika kitu. Zififie kwenye neno gani, kwa sekunde ngapi?

Kwa wakongwe wetu wengi daftari halipo, au lipo nusu. Basi kazi ya kwanza ni kulijenga upya akiwa bado anakumbuka. Mkalishe na waigizaji wawili watatu wa awali, pitieni ukurasa kwa ukurasa, vikao visizidi saa mbili mzee asichoke, na sauti irekodiwe. Msimwulize "ulitaka kusema nini?" Atawapa falsafa. Mwulizeni "hapa mama anaingia kutoka upande gani, na ameshika nini?" Mwili wa mwigizaji wa zamani unakumbuka kuliko mdomo wake, kwa hiyo wasimame, watembee. Wakibishana, andikeni kauli zote mbili.

Halafu kuna ukumbi. AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha hapa Arusha, ina hadhi, lakini jengo lile lilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na tangu 1978 ni kituo cha mikutano. Ukumbi wa mikutano hauna nguzo za kutundikia taa za jukwaa, na sakafu ikiwa tambarare mtu wa safu ya kumi haoni miguu ya mchezaji. Ngoma zikipigwa mbele zinafunika mazungumzo yote. Ziwekwe ubavuni, nyuma ya mstari wa waigizaji, na mpigaji amwone msimamizi wa jukwaa.

Mwalimu wa sanaa za maonyesho, Majengo (Moshi)

Mmezungumzia kazi, hamjagusa malezi, na hapo ndipo tuzo hutolewa kwa maneno matupu. Kila wasifu unasema "amelea vipaji vingi". Vipi? Aliyehudhuria warsha ya siku tatu ahesabiwe mwanafunzi wake?

Mimi ningepima kwa ngazi. Je, yule kijana alikaa na mwongozaji kutoka usomaji wa kwanza wa muswada hadi onyesho la mwisho, akiwa msaidizi? Je, aliachiwa kuendesha onyesho peke yake, yeye ndiye akitoa ishara? Je, aliongoza igizo lake mwenyewe, mkubwa akikaa nyuma ya ukumbi na kunyamaza mpaka mwisho wa zoezi? Akifika ngazi hii ya tatu, amelelewa. Mwongozaji mwenye watu wanne wa namna hiyo amefanya zaidi ya mwenye orodha ya mahudhurio ya mia mbili. Karatasi za ratiba za maonyesho ya zamani zinathibitisha, maana majina na nafasi zimo.

Japani wanalielewa hili. Kwa sheria yao ya 1950 ya kulinda mali za utamaduni, bingwa wa sanaa ya jadi, wakiwemo waigizaji wa kabuki na noh, maigizo ya jadi ya huko, anaweza kutambuliwa rasmi na taifa. Ruzuku yake ni yeni milioni 2 kwa mwaka, nayo imefungwa kwenye kunoa ujuzi na kufundisha warithi. Heshima inakuja na darasa.

Na hapa kwetu mfano upo. Mpango uitwao "Tuseme" ulianza 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukiongozwa na Amandina Lihamba na Penina Muhando Mlama. Wasichana wa sekondari wenyewe wanataja kikwazo kinachowazuia kusoma, wanakichambua, wanakitungia igizo, wanaligeuza mjadala na walimu wao. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu, iliupeleka mpango huo nchi nyingine za Afrika. Kwa watu wa kiwango hicho ngao ni haki yao, lakini heshima kubwa ni klabu za wasichana hao kuendelea kufanya kazi wao wasipokuwepo.

Mwigizaji, Ngarenaro

Mwalimu, shikamoo. Naongeza jambo ambalo kamati hulikwepa. Kuna wanaoita "kulea" kitu ambacho ni kumtumia kijana bure: anabeba viti, anafua maleba, anagonga milango kuuza tiketi, miaka inapita na hajapewa nafasi ya kuongoza hata onyesho fupi la dakika kumi. Na anayegawa nafasi za kuigiza ana nguvu kubwa juu ya wasichana wadogo.

Kwa hiyo kabla jina halijapitishwa, waliopita mikononi mwake waulizwe, mmojammoja, faragha, na mtu asiye wa kikundi hicho. Waulizwe wanawake na wanaume, na hasa waliojitoa, si wale tu waliobaki karibu naye. Maswali yawe ya wazi: ulilipwa? ulifundishwa nini? uliondoka kwa nini? Kamati isiyotaka kuuliza haina haki ya kuandika neno "mlezi" kwenye ngao.

Fundi wa picha na sauti, Soweto (Moshi)

Kifupi kuhusu kurekodi, maana fedha nyingi hupotea hapa. Kamera moja iwe katikati nyuma, juu ya vichwa vya watu, ione jukwaa lote na isisogezwe. Ya pili ifuate nyuso. Rekodini usiku mbili, kosa la usiku mmoja lizibwe na wa pili. Mwanga wa kamera upangwe kwa mkono kwa kupima ngozi ya waigizaji. Ukiiacha kamera ijipangie yenyewe, inaona pazia jeusi, inaongeza mwanga, na nyuso zilizo chini ya taa zinaungua kuwa nyeupe. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo pigeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa za LED zitacheza kwenye picha. Sauti ichukuliwe kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) na maikrofoni mbili za ukingo wa jukwaa. Ya kamera inasaidia kulinganisha tu. Faili ziwe nakala tatu, moja ikae jengo jingine.

Mleta mada, Kaloleni

Nimewasikia. Tuseme tuna shilingi milioni 10. Milioni 3 kwa mwongozaji mwenyewe, bima ya afya ikiwa ya kwanza. Milioni 3 posho za watu kumi kwa wiki sita, mazoezi matatu kwa wiki. Milioni 1.5 maleba na vifaa. Milioni 1.5 daftari, kurekodi na kuhifadhi. Milioni 1 usiku wa kumuenzi. Ukumbi uwe wa shule au chuo kitakachokubali kutupatia.

Mratibu wa hafla, Njiro

Hapo kwenye bima tumekaribiana, lakini hesabu hainiridhishi. Milioni 3 kwa watu kumi ni laki tatu kila mmoja, kwa mazoezi kumi na nane ni kama shilingi 16,700 kwa siku. Hiyo ni nauli na chakula, na dada wa Ngarenaro ametoka kulalamikia kazi ya bure. Jenereta haimo, na umeme ukikatika katikati ya onyesho hakuna rekodi wala heshima.

Tena kuna ruhusa. Mwongozaji hamiliki tamthiliya kwa sababu aliiongoza. Kama mwandishi ni mwingine, tafuteni idhini ya maandishi kutoka kwake au kwa warithi wake kabla ya zoezi la kwanza. Kama igizo lilitungwa na kikundi mazoezini, tafuteni waliolitunga, waweke saini wote. Nitakubali mpango wenu siku nitakapoona saini hizo na fungu la jenereta. Kabla ya hapo nashikilia hafla, yenye hotuba tatu.

Msimamizi wa jukwaa, Sakina

Jenereta ichukuliwe kwenye milioni ya usiku wa kumuenzi. Watu waje wameshakula kwao. Lakini vikao vya daftari visisubiri ruhusa wala ukumbi. Havihitaji zaidi ya chumba, penseli na kopi ya muswada, na mzee anaweza kuanza wiki hii.