Naomba ushauri, herufi S imenishinda na watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea)
Habari zenu walimu wenzangu. Niko na watoto 34 wa PP1 hapa Kisumu upande wa Dunga, wiki hii tunafanya herufi S na kitabu cha picha. Sasa nikifungua peji ya samaki niulize hii ni nini, darasa zima "ngege!" (tilapia kwa Kijaluo), na kuna kamoja babake ni mvuvi kananibishia kabisa eti mwalimu hiyo ni mbuta (sangara), angalia mdomo. Na kusema ukweli kako sawa 😂 Simba nayo wanaita paka. Sufuria tu ndio ilishika. Sasa nichore picha zangu kwa katoni ama niendelee kuwasomea hadi samaki iwaingie? Na wale wanaandika S ikiangalia nyuma, niwasahihishe saa hii ama niwaache kwanza?