Tushindane na Mauritius kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu?

Wakuu, leo msinitafutie lugha tamu.

Kila kongamano la uwekezaji wimbo ni ule ule: Zanzibar ishindane na Mauritius na Shelisheli. Haya, tushindane na nini? Mtu anaajiriwa hoteli ya Kiwengwa mwezi wa sita, mkataba miezi mitatu, unaongezwa mitatu mitatu, masika yakiingia anaambiwa nenda nyumbani, tutakupigia. Aprili na Mei watoto wanakula nini? Kwenye karatasi ya mshahara makato ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yamo, ukenda kuuliza, mwajiri hajapeleka kitu. Sare unakatwa wewe. Gari ya wafanyakazi inapita Mwera saa kumi na nusu alfajiri, ikikuacha siku yako imekwenda.

Tulikuwa na kijana wa Wete pale mapokezi. Kiitaliano kajifunza kwa wageni wenyewe, hakuna aliyemlipia darasa. Siku za bamvua maji yakikupwa mpaka kule kwenye mwamba, wageni wanakuja juu: bahari tuliyoilipia iko wapi? Yeye anacheka nao, anawaambia maji yatajaa saa ngapi, anawatafutia viatu na mtu wa kuwatembeza mwambani. Wanarudi wamefurahi, na pesa imeingia. Mkataba wake ulipokwisha hakuongezwa. Sasa yuko Maskati. Mahali pake kawekwa mtoto wa watu katoka skuli juzi, kupwa na kujaa hakujui, kazi yake "samahani, samahani". Wageni wanakwenda kuyaandika yote mtandaoni.

Halafu meneja aliyemwacha kijana yule anasimama kikaoni, ati Wazanzibari hawana ujuzi. Utakaa vipi huo ujuzi na kila masika mnaufukuza? Hoteli isiyo na wazoefu haina la kumshikia mgeni ila kushusha bei ya chumba. Bei ikishuka, wa kwanza kubanwa ni sisi, na aliyebakia na akili anatafuta pasipoti.

Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000. Sisi wa sekta binafsi siku ile tulipiga makofi ya wenzetu.

Na msiniletee "bora hiyo kuliko kukaa maskani". Nimeshaichoka.

Wenye hoteli mnaopita humu kimya kimya: kumlipa mzoefu nusu mshahara miezi miwili ya masika, na kumfundisha mpya kila Juni, kipi ghali? Wekeni hesabu hapa tuione.