Bi mkubwa kaambiwa mifupa imepungua, kalsiamu inatosha?

mdadisi_tu: Jamani bi mkubwa ana miaka 63, kateleza kidogo tu kifundo cha mkono kikavunjika, wakampima DEXA (eksirei ya kupima uzito wa mfupa) wakasema T-skoo, yaani alama ya kulinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya, ni -2.7. Nikimnunulia vidonge vya kalsiamu na vitamini D si basi?

shangazi_B: Pole yake. Kuanzia -2.5 kushuka ndo osteoporosisi yenyewe, ugonjwa wa mifupa kudhoofika, na keshavunjika tayari, kwa hiyo muulizeni daktari dawa za kuzuia mfupa usiliwe. Mfupa kila siku unabomolewa na kujengwa, hedhi ikikoma estrojeni (homoni ya kike) inashuka, basi seli wabomoaji wanawazidi wajenzi.

kapera77: Vitamini D watu wanaisifia mno. Utafiti wa VITAL kule Marekani, watu zaidi ya 25,000, majibu ya 2022 yalionyesha haikupunguza kuvunjika mifupa

shangazi_B: @kapera77 kweli ila wale hawakuchaguliwa kwa sababu wana upungufu au mifupa dhaifu, usimtishe mwenzio akamwachisha bure mama yake alichoandikiwa.

mdadisi_tu: Asanteni wakuu. Na mazoezi je?

kapera77: Ya kubeba uzito na ya balansi, ila asikunje mgongo kwa nguvu, pingili hupasuka kimyakimya